Ambulensi Iliyosimama Darajani

Siku ya kwanza kazini nilifika ofisi za baraza la mji pale Kitale nimevaa viatu vya mama, vilivyonizidi kidogo, na buibui niliyoipiga pasi mara mbili. Kwetu ni nyuma ya msikiti, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, lakini kwa hofu ya kuchelewa niliwahi hata kabla ya mwenye funguo. Karani wa Baraza, ambaye ndiye angekuwa mkubwa wangu, alinikuta nimesimama ukutani. Hakuniuliza jina. Alinipa daftari na penseli, akaketi, akaanza kuzungumza haraka haraka juu ya usafi wa soko, huku mimi nikiandika kwa hati mkato, yaani yale maandishi ya alama tuliyofundishwa ili mkono uweze kukimbizana na mdomo.

Alipomaliza aliniambia nimsomee. Nikasoma. Akanisimamisha.

"Mimi nilisema wachuuzi waombwe kuhama. Wewe umeandika waamriwe."

"Nilifikiri ndivyo ulivyokusudia, bwana."

"Msichana, mtu akikosea sarufi, mrekebishie, hiyo ni heshima. Ukimbadilishia nia, umemsingizia. Andika tena."

Niliandika tena. Kazi nikapewa.

Pale Kitale nilikaa miaka mingi, kisha nikahamishiwa Webuye, ambako siku za upepo harufu ya kiwanda cha karatasi ilituingilia mpaka ndani ya ukumbi wa mikutano. Mkubwa wangu wa Webuye, Mwandishi wa Kamati, alikuwa mtu mkimya aliyependa chai ya tangawizi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika kumbukumbu, ambazo ni muhtasari wa mambo yaliyoamuliwa tu. Hansadi nilikuja kuijua baadaye. Hiyo si muhtasari. Ni maneno yote, ya kila aliyesimama kusema, na humo mtu hawezi kukana kesho alichosema leo.

Ugatuzi ulipoingia, kaunti zikapewa serikali zao na mabaraza yakavunjwa, nikaajiriwa katika idara ya Hansadi ya bunge la kaunti. Kaunti gani, wanaonijua wanajua. Hapa nitasema kaunti yetu tu, kwa kuwa haya yangeweza kutokea kokote penye mpaka. Tulikuwa waandishi sita. Kila mmoja aliingia ukumbini dakika kumi, akatoka kwenda kuvaa visikizi na kuandika kutoka kwenye kinasa sauti, mwenzake akashika zamu. Mhariri Mkuu alikusanya vipande vyetu na kuviunganisha. Alipostaafu, kiti chake nikakikalia mimi.

Nilikaa karibu na wawakilishi wa wadi kiasi cha kusikia wakikohoa, na nataka niseme jambo ambalo halipendezi sana kusikika siku hizi. Niliwahurumia. Watu husema waheshimiwa kazi yao ni kula na kusinzia. Wapo waliosinzia, sikatai. Lakini mimi niliwaona asubuhi langoni. Huyu ana kijana wake yuko kituo cha polisi, yule ana kesi ya shamba, mwingine anataka barabara kuu itiwe lami. Polisi si wa kaunti. Mahakama si ya kaunti. Barabara kuu ni ya serikali ya kitaifa. Mwakilishi akieleza hivyo anaambiwa ameanza kiburi. Basi wengi waliacha kueleza, wakawa wanaitikia tu, "Nitaangalia, mama," na kuingia ndani nyuso zimekunjamana.

Mmoja wao alikuwa Mheshimiwa Wanyonyi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuchaguliwa, mtu mrefu, mpole, mwenye wadi iliyokaa kabisa kwenye mpaka, na mto ndio uliotutenga na kaunti jirani. Aliniita Madam Zuhula, maana ulimi wake ulibadilisha r na l kama watu wengi wa kwao, na kila Jumatano alipita ofisini kuuliza kama nimemwandika vizuri.

"Nimekuandika ulivyosema, mheshimiwa."

"Basi kama nilisema vibaya, umeniharibia," angejibu, akacheka.

Kisha ikaja Jumatano ambayo hakucheka. Aliketi kwenye kiti cha wageni. Nikamwagizia chai. Akaanza kunieleza juu ya mama mmoja wa wadi yake, Nafula, aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa asubuhi ya siku ya soko. Zahanati yetu iliita ambulensi, na ambulensi ilikuja kwa wakati. Hospitali iliyo karibu ni ile ya ng'ambo ya mto, si mbali hata kidogo. Ya kwetu iko kule mjini, mbali, na njia ilikuwa matope. Ambulensi ikafika darajani ikasimama. Dereva alikuwa na barua ya kazi iliyosema gari lisitoke nje ya mipaka ya kaunti, kwa sababu bima yake inaishia hapo. Akapiga simu ng'ambo waje wampokee mgonjwa. Na wao gari lao lilikuwa na barua kama hiyo hiyo.

"Sasa tukamtoa," Wanyonyi alisema. "Tukamweka kwa kiti. Mimi nilishika mguu wa mbere, upande wa kulia. Tukavuka naye daraja. Dereva analia, Madam. Si mtu mbaya. Analia na funguo iko mkononi."

Nafula alipona. Mtoto hakupona.

Wanyonyi alileta hoja bungeni. Hoja ni pendekezo; bunge likiipitisha, serikali ya kaunti inaombwa itekeleze, lakini hoja si sheria na haimfungi mtu. Ilipita bila kupingwa. Baada ya miezi kadhaa likaja jibu, karatasi moja, kwamba magari ni mali ya kaunti na hayawezi kuhudumu nje ya eneo lake pasipo mkataba na jirani. Akauliza mkataba unaanzia wapi. Akaambiwa jirani ndiye aombe. Jirani naye, nilikuja kujua, alikuwa akiambiwa vivyo hivyo.

Mwaka ule kongamano la kitaifa la wabunge wa kaunti lilifanyika Bungoma. Walikuja kutoka kila pembe ya nchi, hoteli zikajaa, wengine wakalala Webuye. Niliazimwa kuwa mwandishi wa kikao cha afya na wa kamati ya maazimio, ile inayokaa mwishoni kuandika yale ambayo wote wamekubaliana. Mada zilikuwa nzito: madaktari wanaohama, dawa zinazochelewa, mamlaka ya kitaifa na ya kaunti yanapoishia. Msemaji baada ya msemaji alisoma Kiingereza chake kwenye karatasi. Wengi walisema kweli, lakini kufikia saa sita watu walikuwa wanaangalia simu zao.

Wanyonyi alipewa dakika tano. Naye alikuwa na karatasi, aliyoandikiwa na mpwa wake. Alisoma sentensi mbili, akakwama kwenye neno, akarudia, akakwama tena. Kuna waliotabasamu. Akakunja ile karatasi akaitia mfukoni.

"Mwenyekiti, wacha niongee tu," alisema. Akasimulia ya darajani kwa Kiswahili chake, r na l zikipishana, pale pale alipozoea. Hakupaza sauti. Alipofika kwenye mguu wa kiti alionyesha kwa mkono jinsi alivyoushika, na mkono ukabaki hivyo hewani mpaka alipomaliza. "Mimi siombi jengo," alisema mwishoni. "Siombi gari jipya. Naomba gari lililoko livuke daraja lililoko."

Ndipo akasimama mama mmoja katikati ya ukumbi, Mheshimiwa Chebet, mwenyekiti wa kamati ya afya ya kaunti jirani. Sikuwahi kumwona kabla ya hapo.

"Mwenyekiti, hospitali hiyo anayosema ni yetu," alisema. "Na barua hiyo ya kwetu, mimi nimekuwa kwa kamati hii miaka mitatu na sikuwa naijua. Nimeaibika. Sina lingine la kusema, ila nataka nionane na mheshimiwa kabla hajaondoka hapa."

Niliyaandika yote hayo, neno kwa neno.

Alasiri ya siku ya mwisho kamati ya maazimio ilikaa katika chumba kidogo. Mwenyekiti wake alikuwa wakili kutoka kaunti ya mbali, mtu makini, mwenye haraka kwa sababu waandishi wa habari walikuwa wanasubiri nje. Alifupisha kila kikao kwa mstari mmoja. Alipofika cha afya akasoma rasimu: "Kaunti zihimizwe kuimarisha ushirikiano katika utoaji wa huduma za afya." Akauliza kama kuna pingamizi. Hakukuwa na pingamizi. Wajumbe walikuwa wamechoka, na sentensi hiyo haikuwa na ubaya wowote.

Miaka yote ya kazi sikuwahi kufungua mdomo mkutanoni. Mwandishi haongei. Ni kama kanuni, ingawa haikuandikwa popote. Lakini nilikuwa na daftari mbele yangu, na yale aliyosema Wanyonyi hayakuwa hayo yaliyosomwa. Nikainua mkono.

"Mwenyekiti, hayo siyo yaliyosemwa."

Akanitazama juu ya miwani. "Samahani, mama, wewe ni mjumbe au ni mwandishi?"

"Ni mwandishi. Ndiyo sababu nasema. Mimi nikiweka sahihi kwenye rasimu hiyo, nitakuwa nimeshuhudia kitu ambacho hakikutokea."

Mtu mmoja aliguna. Nilijua ninaweza kuandikiwa barua ya kuniita nijieleze, na nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu. Mwenyekiti aliangalia saa, akaangalia mlango, kisha akasema polepole, "Haya. Tusomee kilichosemwa."

Nikasoma. Sikuongeza neno. Nilisoma ya kiti, ya dereva na funguo zake, nikasoma na ya Mheshimiwa Chebet. Nilipoinua macho, mwenyekiti alikuwa amevua miwani na kuiweka juu ya karatasi zake. Akachukua kalamu, akaikata ile sentensi yake mwenyewe.

"Tuandike hivi," alisema. "Ambulensi ya kaunti yoyote iruhusiwe kuvuka mpaka kumfikisha mgonjwa katika hospitali iliyo karibu. Kaunti zenye mpaka mmoja ziandikiane mkataba. Mama, imetosha hiyo?"

"Hiyo ndiyo iliyosemwa, mwenyekiti."

Barua ya kuniita haikuja.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yalinyooka kesho yake. Hayakunyooka. Azimio la kongamano nalo si sheria. Lakini sasa Wanyonyi na Chebet walikuwa na karatasi moja yenye maneno yale yale, kila mmoja akaipeleka kwake. Kamati zao mbili zilikutana Kiminini, kwenye ukumbi wa kanisa. Nikawaandikia kumbukumbu. Wanasheria walivutana juu ya bima, nani alipe petroli, nani awajibike gari likigonga ng'ombe wa watu. Chebet alikuwa mkali, Wanyonyi mvumilivu, wakafaana.

Uchaguzi ukafika kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Wanyonyi akashindwa. Watu wa wadi yake walisema muda wote ule alikuwa akizurura mikutanoni, na barabara hakuwaletea. Barabara yenyewe haikuwa ya kaunti. Alikuja kuniaga na kifuko kidogo cha maharagwe ya shambani kwake. Nilimuuliza kama ana uchungu.

"Ninao," alisema. "Lakini wamechagua. Nimewafundisha wengi wao kusoma, sasa siwezi kukasirika wakisoma karatasi ya kura."

Mkataba ulitiwa sahihi mwaka uliofuata. Katika picha ya siku ile Wanyonyi hayumo.

Mimi nimestaafu sasa, naishi pale pale nyuma ya msikiti. Vijana wa Hansadi hunitembelea na kuniuliza siri ya kazi, na wana mitambo inayoandika yenyewe mtu akisema. Nawaambia mtambo ni mzuri, lakini mtambo hautainua mkono. Nawaambia pia wawaonee huruma hao wanaowaandika. Mheshimiwa anaahidi asichoweza kwa kuogopa kuitwa mvivu, halafu analaumiwa kwa alichoahidi. Anayefanya jambo la maana mara nyingi analifanya pasipo kuonekana, na anakwenda nyumbani kabla halijakamilika.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona Wanyonyi. Tulikunywa chai, akanionyesha mahindi yake, kisha tukatembea hadi mtoni kwa sababu mkewe alitaka samaki, na kuna mwanamke anayewauza karibu na daraja. Tukiwa pale tukisubiri chenji, ambulensi ilitokea upande wetu, ikapanda darajani, ikavuka, ikapotea kwenye kona. Haikupunguza mwendo. Chenji ilipokuja hatukuondoka, tuliketi pale pale mtoni.

Baada ya saa moja ilirudi tupu, na dereva, kijana wa miaka kama ishirini na tano, akateremka kununua samaki. Nikamuuliza mgonjwa anaendeleaje. Akasema ni mama mjamzito, wamefika salama. Nikamuuliza kama siku hizi hawasimami hapa darajani.

Alinitazama, kisha akamtazama Wanyonyi bila kumtambua.

"Tusimame ya nini, mama?" alisema. "Si hospitali iko hapo tu."