Daraja la Mafunjo na Dada Yangu Aliyewekwa Ndani

Watu wa kwetu Nyakasimbi wakilitaja daraja la bondeni husema ni la kaka yangu. Siku hizi siwabishii. Nimezeeka, na domo langu limeniponza vya kutosha. Lakini daraja lile alilibuni dada yangu, na nilimwona kwa macho yangu akilibuni.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Baba alikuwa mfugaji, na misheni ilimpa kazi ya kuwasimamia wanaume waliojenga daraja la kuvusha watu na ng'ombe kwenye bonde la mafunjo. Kila nguzo waliyoisimika ilizama. Wakatafuta miti mirefu zaidi, tope likaimeza nayo. Baba akawa anarudi nyumbani hana hamu hata ya maziwa.

Dada, aliyenitangulia kuzaliwa, alizoea kwenda bondeni kukata mafunjo ya mikeka. Siku moja alinionyesha jambo. Akikanyaga tope, anazama hadi magotini. Akikanyaga mafunjo yaliyolaliana, anasimama. Akafunga matita madogo kwa kamba za mgomba, akayapanga kwa kupishana juu ya tope lililokuwa nyuma ya zizi, akalaza fito juu yake, akapitisha ndama. Ndama akapita. Ndipo akamwita baba.

"Tata, miti isisimikwe. Ilazwe juu ya matita mapana, uzito usambae."

Baba alitazama kwa muda mrefu, akamwambia ampitishe ndama tena. Kesho yake wanaume wakaanza kufunga matita.

Dada akaomba jambo moja tu. Misheni ilikuwa ikichagua vijana wa kufundishwa ujenzi, naye alitaka padri aambiwe ile kazi ni ya nani. Alikuwa ameshaposwa, lakini padri angesema neno, wakwe wangesubiri. Baba akakubali. Ahadi ni deni, na hii aliitoa mbele ya mama.

Ila desturi haikungoja daraja. Kwetu wafugaji, binti akikaribia kuolewa aliwekwa ndani, akanyweshwa maziwa na kupakwa samli, jua lisimwone, mpaka anenepe. Mama akamfungia dada chumba cha ndani. Mimi ndiye niliyempelekea maziwa, na kabla hajaonja aliniuliza matita yamefika wapi. Aliyachukia yale maziwa. Aliyanywa ili mimi nisigombezwe.

Siku padri alipokuja kulivuka daraja, nilikuwa ukingoni pamoja na wanawake. Ng'ombe walitangulia, watu wakafuata. Padri akauliza ni nani aliyebuni mambo ya matita. Wakwe zake dada walikuwa wamesimama palepale, na nilimwona baba akiwatazama. Binti aliyeposwa hakutajwa katika habari za tope na wanaume. Wangesema amelelewa porini, wakarudi kudai ng'ombe wao.

"Ni kijana wangu huyu," baba akasema, akamshika kaka bega.

Kaka, ambaye hakupata kufunga tita hata moja bila kuelekezwa, akainama. Padri akampa mkono. Baada ya mavuno kaka akaenda kusomea ujenzi, na hakurudi kuchunga.

Jioni ile baba aliingia mwenyewe chumba cha ndani. Nilikuwa nimeketi na dada, nimeshindwa kumwambia. Alikuwa amenawiri, mashavu yamejaa.

"Tata, ulimwambia?"

"Nilimtaja kaka yako. Wewe utaolewa, mwanangu. Utazaa."

Dada akauliza, "Ng'ombe walipofika katikati, palibonyea?"

"Hapakubonyea."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akamshukuru, maana ndivyo tulivyofunzwa. Baba alipotoka, dada alijifunika shuka akalia, nami nikalia naye, nikiwa na hasira ambayo sikuwa na mahali pa kuipeleka.

Aliolewa ng'ambo, upande wa Kyerwa. Bibi harusi wa kwetu hakutembea. Alibebwa kwenye machela iliyozungushiwa mikeka, asionwe na mtu wala yeye asione. Nilifuata nyuma. Tulipofika bondeni wabebaji walipunguza mwendo, wakapita juu ya matita. Ndivyo dada yangu alivyolivuka daraja lake, amefunikwa. Baba sijamsamehe.