Rido Bila Musumari

Siku tuliyopewa ufunguo, mwenye nyumba wetu, mama mjane aliyekaa chini yetu, alitupa sheria moja tu: hakuna kupiga musumari. "Musumari ni ya mwenye nyumba," alisema. "Mupangaji iko anapita." Lile neno "anapita" lilinichoma. Mimi nina hasira za karibu, nilizaliwa nazo.

Tukaishi na kuta tupu kama za dispanseri. Halafu siku moja akatusimamisha kwenye ngazi, mume wangu na mimi. Mtoto wake wa Kinshasa anataka kurudi Bukavu, na anataka nyumba ya juu, yaani yetu. "Sijakata neno," akasema. "Siku ya yenga nikitoka misa nitapanda, niangalie munachunga nyumba yangu namna gani. Kisha nitawaambia."

Niliogopa, siwezi kuficha. Hapa mjini kupata nyumba yenye maji, isiyo kwenye mteremko unaokatika kila mvua, si mchezo. Nilishajiona nyuma ya magodoro yangu yakiwa juu ya kichwa cha mtu, nikishuka barabara, majirani wakitazama.

"Tusali tu," mume wangu akasema.

"Sali weye. Mimi napamba."

Nikaokota masanduku ya nyanya sokoni, nikayapiga msasa, nikayapaka rangi iliyobaki parokiani walipokarabati kanisa. Yakawa meza na viti. Doa la unyevu nililifunika kwa picha za kalenda za zamani, nikazibandika kwa uji mzito wa muhogo. Mende wakafurahi, wakaanza kula pembeni. Nikabandika tena, huku nikiwatukana. Vikapu vya kutoka Walungu nikavifunga kwenye vyuma vya dirisha, chupa tupu nikazitia matawi ya mikaratusi. Mume wangu akacheka: "Hii nyumba utaivalisha mpaka soksi." Mimi sikuwa na kicheko. Ilibaki rido, yaani pazia la dirisha.

Sokoni Nyawera nikakuta mama mmoja ana vipande vya kikwembe, yaani kitenge, rangi ya zambarau, majani madogo meupe, vyote mtindo mmoja. Akaniachia kwa bei ya bure, tena bila kubishana. Wanawake wengine walikuwa wanapita pale bila hata kukigusa. Nikasema moyoni, wajinga hawa! Fundi akanishonea rido siku ileile, nami nikazitundika kwa kamba, kutoka chuma cha dirisha mpaka bomba la maji. Kamba ililegea katikati, lakini musumari haukuguswa.

Jumapili ikafika, mama akapanda polepole, akishika ukuta. Akagusa sanduku. Akanusa mikaratusi. "Eh, munajua kupanga," akasema. Mume wangu akanikonyeza, na mimi nikaanza kupumua.

Kisha akainua macho dirishani, akasimama pale pale.

"Hii kikwembe mulitosha wapi?"

"Nyawera, mama."

"Nyawera," akarudia. "Hii njo tulivaa kwa matanga ya bwana yangu. Familia yote."

Ee Mungu wangu! Kwetu mtu akifa familia huchagua kikwembe kimoja, wote wanavaa hicho. Kumbe masalio ndiyo yaliyofika sokoni, ndiyo maana hakuna mwanamke aliyeyataka. Na mimi, mwanamke wa Bukavu mzima, sikuuliza hata neno.

"Munanifungia kilio kwa dirisha yangu?" akasema.

Nikaparamia sanduku niikate ile kamba. Mume wangu alikuwa anakohoa tu, kama kikohozi kingetuokoa. Nikajua tumekwisha, kesho tunafunga mizigo.

"Achana nayo!" Sauti ya mama ilinishusha.

Akaketi kwenye sanduku jingine, akitazama zile rido. Huko chini pikipiki zilikuwa zinapiga honi, watu wanatoka misa ya pili. Nilitamani anitukane, imalizike.

"Ule mutoto wangu wa Kinshasa," akasema mwishowe, "hakukuya kwa matanga ya baba yake. Alisema kazi ilimukatalia. Hii kikwembe hakuivaa. Akiingia humu leo, ataona rido tu."

Mume wangu akasema, "Pole, mama," kwa sauti ndogo.

Akasimama, akaenda dirishani, akashika kitambaa kati ya vidole vyake na kukinyoosha taratibu. Kamba ikashuka zaidi.

"Atafute kwingine," akasema, bila kugeuka. "Na hii kamba yenu iko inalegea, itaanguka. Pigeni musumari."