Mzee Ambaye Hakulia

Nakumbuka siku moja ya mnada, mwanangu, nikiwa muuguzi kijana katika kituo kimoja cha afya huku Itiryo. Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka chuo, na kichwa kilikuwa kimejaa mambo ya vitabuni.

Gari lililobeba watu kutoka mnadani lilipinduka korongoni. Tukaletewa majeruhi sita kwa pamoja. Vijana walipiga kelele. Mmoja amevunjika mkono, mwingine amechanika paja. Mzee Marwa, wa rika la baba yangu, aliketi kwenye benchi ameshika ubavu.

"Shikamoo, baba. Umeumia wapi?"

"Marahaba. Mimi sijambo, mura, kijana wangu. Waendee hao wanaolia."

Nikamshika mkono, mapigo ya moyo yalikuwa ya taratibu. Nikaridhika. Sikumuuliza anatumia dawa gani. Kumbe alikuwa akimeza vidonge vya presha, vya aina inayouzuia moyo kwenda mbio hata damu inapopotea. Nikashona paja, nikafunga mkono. Nilipomrudia, midomo ilikuwa imepauka, viganja baridi. Damu ilikuwa ikivujia tumboni. Tulimpakia kwenye gari kwenda hospitali kubwa. Alikata roho njiani, kichwa chake mapajani pangu.

Mkewe, Bibi Robi, alipofika aliniuliza kwanza neno moja.

"Alilia?"

"Hapana, mama."

"Sasa wewe, mtoto wa Kikurya, ulitaka alie ndipo umwone? Huyu hakulia hata siku ya tohara."

Husemwa kimya kingi kina mshindo; mimi niliusikia mshindo wake nikiwa nimeshachelewa.

Mwanangu, mzee akianguka, hata kama amejikwaa tu kwenye kizingiti cha nyumba yake, usimwambie akalale atapona. Mwili wake hauna haraka ya kutoa habari. Muulize dawa anazomeza. Mpime, kisha umpime tena, na usimweke wa mwisho kwa sababu ametulia. Ukiwa na shaka, mpeleke hospitali kubwa mapema. Na kama wewe si muuguzi, ni mjukuu tu uliyemleta, basi msemee, maana yeye mwenyewe atasema hajambo.

Mungu akupe macho ya kumwona asiyeita. Uishi uzeeke, na siku utakapoanguka wewe, umkute kijana wa kukuinamia mapema.