Siku Walipomweka Riziki Chini

Enzi zetu, société civile, yaani asasi ya kiraia, ilikuwa ikining'inia chini ya paa la nyumba yetu. Haikuwa na président wala msemaji, haikuwa na muhuri, na hakuna aliyeiita kwa jina hilo la Kifaransa. Ilikuwa kipoyi, machela ya mianzi miwili mirefu yenye kitanda cha kamba katikati, na pembeni yake pembe la ng'ombe la kupuliza. Mianzi ilikatwa kwetu Masisi, mashariki mwa Kongo, juu kule kwenye baridi. Kamba zilitoka katika msitu wa Walikale. Alizisuka mjomba wangu, kaka yake mama, akatembea nazo kichwani mpaka kwetu, na alipofika akaanza kulalamika kabla hata ya kupewa maji kwamba sisi watu wa milimani tunafunga wagonjwa kwa majani kama mzigo wa kabichi.

Ninyi mliokulia milima ile mnajua asubuhi zake. Ukungu unaingia mpaka jikoni. Moshi, mavi ya ng'ombe, viazi vinavyochomwa majivuni, vyote vinanuka pamoja, na bado unaipenda harufu yake. Watoto wa wafugaji wa ng'ambo ya bonde walishuka na maziwa, sisi tukawapa maharagwe, na kama mama zao hawakuwa karibu walitumiminia mashanza viganjani, yale maziwa yaliyoganda, tukayalamba mpaka kwenye viwiko. Shuleni tulifika na midomo myeupe. Mwalimu alijua, na alitupiga kwa kuchelewa, si kwa maziwa.

Papa, baba yangu, ndiye aliyekuwa mlinzi wa kipoyi. Mtu akizidiwa, iwe usiku wa manane au katikati ya misa, Papa alitoka uani na kupuliza lile pembe, na hapo jembe lilibaki shambani pale pale lilipokuwa. Wanaume wa upande wetu, wakulima, walipanda kwa mbio. Wa upande wa pili, wafugaji, walishuka kwa mbio. Huku Kihunde, kule Kinyarwanda, na katikati Kiswahili chetu cha kugonganagongana. Hakuna aliyeuliza mgonjwa ni wa nani. Aliyelisikia pembe akajifanya kiziwi alitozwa kibuyu cha kasiksi, na adhabu haikuwa ile pombe. Adhabu ilikuwa kuketi na kuwatazama wenzake wakiinywa.

Waliimba njiani, na nyimbo zao hazikuwa na adabu. Mke wa katekista, mama mwenye mwili wa kutosha, walimbeba wakimwuliza kwa wimbo amekula viazi vya nani, naye akacheka huku homa inamtetemesha. Sisi watoto tuliwafuata mpaka kona ya kwanza, wakatufukuza kwa mabonge ya udongo.

Sheria ya kipoyi ilikuwa moja tu, na Papa aliirudia kila mara kana kwamba hatujaisikia: "Muntu muzima habamuwekake chini." Yaani mtu aliye hai hawekwi chini: mgonjwa akishabebwa, hagusi ardhi mpaka afike. Wabebaji walipokezana wakitembea, bega linaingia, bega linatoka. Wakichoka kabisa, wanne walisimama naye mabegani huku wengine wakichuchumaa kupumua. Kipoyi kilichowekwa chini njiani kilikuwa na maana moja, na maana hiyo ilisomeka hata na mwanamke aliye shambani ng'ambo ya bonde. Yule mtu amekufa. Anayeona anapiga yowe, na anayesikia yowe anachukua jembe la kuchimbia kaburi na kuja.

Tulicheza hata mchezo wake. Fimbo mbili na kitenge cha mama, na mdogo wangu ndiye mgonjwa wa kudumu, kwa kuwa alikuwa mwepesi na alipenda kubebwa hata akakataa kupona. Akidondoka, wasichana wote tunalia msiba. Siku moja tulilia vizuri mno. Bibi alitoka ndani mbio, bila kitambaa kichwani, na alipotukuta na maiti yetu inakula muwa alitupa msiba wa kweli kwa fimbo ya ugali.

Halafu vita vikaja. Tulikimbia, tukarudi, tukakimbia tena. Katika kurudi mojawapo tulikuta paa la nyumba halipo, na kipoyi nadhani kiligeuzwa kuni za kupikia chakula cha mtu. Simlaumu, alikuwa na njaa. Lakini hakuna aliyetengeneza kingine. Upande wetu ulianza kuutazama upande wa pili kwa jicho la pembeni, nao vivyo hivyo, na maziwa yakaacha kushuka.

Leo tunayo société civile ya kweli, yenye herufi kubwa. Ina président, kijana msafi, mpole, anayeniita "Mama" kwa heshima na kisha kutosikiliza ninachosema. Ina katibu, ina commission ya kila kitu, ina fulana nyeupe na kofia. Kila wiki inalaani. Inalaani barabara, inalaani vizuizi vya njiani, inalaani réseau ya simu, inalaani mshahara wa walimu. Naomba nieleweke, mambo yote hayo yanastahili kulaaniwa, na nawaheshimu wanaothubutu kufungua mdomo mahali kama petu. Kinachonipandisha damu ni kitu kingine. Wakishasema, wanakwenda nyumbani kama watu waliomaliza kazi. Walipokutana na wenzao wa Walikale katika atelier, yaani warsha, ya kuunganisha sauti kuhusu barabara inayotuunganisha, walimaliza siku nzima wakibishana jina la territoire gani, yaani wilaya gani, litangulie katika tamko. Barabara yenyewe ilikuwa inasubiri nje, imejaa maji.

Wafadhili waliwaletea machela ya chuma, inayong'aa, yenye magurudumu madogo. Magurudumu, katika milima ile! Nilisimama mkutanoni nikaomba ikae kwenye nyumba ya mtu, karibu na njia, kama zamani. Président alitabasamu.

"Mama, ile iko matériel ya bureau. Haiwezi kulala ku nyumba ya muntu."

Basi ikalala ofisini, chini ya kufuli, juu yake wameweka kofia za akiba.

Ikaja mvua ya mwaka huu, mlima ukateleza na kuikata barabara pale chini ya kilima chetu. Moto, zile pikipiki za abiria, zikaacha kupita. Na asubuhi moja Riziki, binti wa jirani yangu Mama Nyota, akashikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mkunga alimpapasa akasema mtoto amelala kiubavu, hapa kijijini hatatoka, huyu ashushwe kituo cha afya haraka la sivyo tutawapoteza wote wawili.

Siku hiyo, kwa ajabu, réseau ilikuwepo. Ujumbe ulifika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Urgence. Dada Riziki iko na shida ya kuzala. Commission santé ishugulike." Kilima kizima kilisoma. Mikono ya kuombea ikapangana chini yake. "Courage." "Mungu atende." Mmoja alituma maua. Kisha sote tukaenda mashambani. Commission ya afya si ipo?

Commission ilikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa président, na président alikuwa kwenye atelier mbali kabisa. Katibu alimpigia, simu ikagoma. Akapiga tena. Mama Nyota, aliyenisimulia haya baadaye, alimtazama akipiga mara ya tatu, kisha akachukua jembe na kulivunja kufuli.

"Mama, unaharibisha mali ya bureau!" katibu akapiga kelele.

"Andika rapport," akamjibu. "Miye niko na mutoto ya kubeba."

Vijana sita wa fulana nyeupe wakamweka Riziki kwenye chuma kile na kuondoka, katibu mbele yao na simu yake; Mama Nyota akabaki kukusanya nguo za mtoto ili awafuate. Si vijana wabaya. Wana nguvu, wana roho nzuri, lakini bega lao halijawahi kubeba kitu kisichoweza kusubiri. Kila mmoja alikwenda kwa hatua yake, mgonjwa akayumba kama maji ndani ya beseni. Magurudumu yalijaa tope kabla ya kona ya kwanza. Walipofika pale mlima ulipoteleza, katibu akasimama. Akasema hii ndiyo nafasi ya plaidoyer, yaani kuwaonyesha wakubwa shida kwa macho yao: barabara iliyokatika, mama mjamzito na vijana wa kujitolea, wote katika photo moja. Ili wote sita waonekane, hakubaki wa kushika machela.

Wakamweka chini. Katikati ya njia, kwenye tope. Wakajipanga nyuma yake, wima, na kwa kuwa kofia zilitia kivuli usoni, wakazivua.

Mimi nilikuwa ng'ambo, napalilia maharagwe na wanawake wenzangu. Mmoja wetu aliinua kichwa, jembe likamponyoka. Sote tukatazama. Machela iko ardhini. Wanaume wamesimama kimya, vichwa wazi. Sikuhitaji mtu anifafanulie, tangu utoto najua kusoma kitu kile. Nilisikia yowe na sikujua kwamba linatoka kwangu.

Yowe lilishuka bondeni na kupanda upande wa pili. Hapo nikaona nilichokuwa sijakiona tangu Papa alipokuwa hai. Kilima chote kilisimama. Wakulima walikuja na majembe. Wafugaji waliacha ng'ombe wajichunge, wakashuka. Watu waliokuwa hawasalimiani walikimbia bega kwa bega. Mbele ya wote alikuwa Papa Gasana, mzee wa ng'ombe wa ng'ambo, aliyebeba kipoyi na baba yangu miaka ile yote. Kwapani alikuwa na shuka jeupe la sanda.

Alifika, akapiga goti kwenye tope, akakunjua shuka. Riziki akafumbua macho.

"Papa, munalilia nani?" akauliza.

Mzee aliinuka polepole, uso umebadilika rangi.

"Nani njo amemuweka muntu muzima chini?"

"Tulikuwa tunapiga photo, Papa," katibu akasema. "Ya plaidoyer."

Nilitegemea fimbo. Nilitamani fimbo. Papa Gasana alivua koti lake, akalikunja begani, akainama chini ya chuma.

"Mumuinue! Sasa hivi!"

Wakamwinua. Majembe yaliyokuja kuchimba kaburi yakachimba ngazi kwenye lile poromoko. Sanda ikafungwa juu ya mgonjwa kumkinga jua. Wazee waliingia na kutoka chini ya mzigo bila kuambiana kitu, wakulima kwa wafugaji, na wale vijana sita wakapangwa katikati yao ili wajifunze hatua. Sauti moja ya kizee ikaanzisha wimbo ule wa viazi. Riziki alilia kwa uchungu na akacheka ndani ya kilio. Hakugusa ardhi tena mpaka kituo cha afya, daktari akampasua, na mtoto, msichana, akatoka analia kwa hasira.

Tamko lilitoka kesho yake. Société civile ilipongeza moyo wa mshikamano wa wananchi na kulaani hali ya barabara. Picha ilikuwepo, vijana sita, nzuri sana. Wajukuu wangu waliipenda kwa vidole gumba. Nikiwaambia kwamba zamani habari kama ile ilipulizwa kwa pembe moja na kijiji kizima kikafika, wananiuliza pembe lilikuwa na chaji ya saa ngapi.

Sidanganyi kwamba zamani ilikuwa peponi. Wengi walifia mabegani mwa baba zetu, na ningefurahi kuona ambulance kwenye barabara ile hata leo jioni. Lakini Papa alipopuliza, watu walikuja kwa ajili ya mgonjwa, angali na joto, angali na maneno mdomoni. Sisi tumebaki na mbio za msiba tu. Tunajua kuzika kuliko tunavyojua kubeba, na hilo linaniuma kuliko magoti yangu.

Wiki iliyofuata nilimpelekea Riziki uji wa mzazi. Alikuwa ameketi kitandani, mtoto anamnyonya. Nyumba ilijaa zawadi, maharagwe ya upande wetu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka, chupa ya mashanza kutoka ng'ambo. Alipokea bakuli, akanitazama. Hakuwa na ugomvi, alitaka kujua tu.

"Mama, ujumbe muliuona asubuhi, sindiyo?"

"Tuliuona."

"Kama habakuniweka chini, mungekuya?"

Enzi za Papa, swali kama hilo lisingepata mtu wa kuliuliza. Nilimwambia anywe uji, unapoa.