Vikaratasi vya Waya

Waya alikuwa na mdomo, tusifichane. Siku alipoacha kazi kwa Mzee Fotokopi alimwambia duka lake ni makumbusho ya mashine mbovu, akabamiza mlango mpaka bawaba ya juu ikang'oka. Hakurudi hata kuomba radhi. Akajiendeleza, akawa mtengeneza programu wa kutegemewa, na miaka minne baadaye akapata kazi ng'ambo. Mama mtu alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

Kumbe walishangilia mapema. Uhamiaji wa huko ulitaka barua za waajiri zinazothibitisha miaka sita ya kazi ya kompyuta. Waya alikuwa na barua za miaka minne. Miwili iliyobaki alikuwa nayo Mzee Fotokopi, na maombi yalikuwa yanafungwa Ijumaa.

Jumatano akajikaza kisabuni, akaenda. Mlango bado ulikuwa umefungwa kamba pale kwenye bawaba. Mzee alikuwa anatoa nakala, miwani kwenye ncha ya pua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, makumbusho yapo wazi."

Jamani, aibu! Waya alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaomba radhi, kisha akaeleza shida yake. Mzee akakaa kwenye kompyuta, akadonoa herufi kwa kidole kimoja: "Huyu binti ana adabu, anasalimia wateja, hanywi pombe."

"Mzee, hii si barua ya posa," Waya akasema. "Wanataka kujua nilifanya kazi gani."

"Si ungesema! Njoo huku."

Katika chumba cha nyuma, ukutani, juu ya kila mashine, vilikuwa vimebandikwa vikaratasi vilivyoanza kugeuka manjano. Waya akautambua mwandiko wake. "Karatasi ikikwama, fungua ubavu wa kushoto, usivute kwa hasira." "Kompyuta hii ikigoma, chomoa, hesabu mpaka thelathini, chomeka." Kila kimoja na tarehe na jina lake chini.

"Uliondoka wewe tu, hivi vilibaki kazini," mzee akasema. "Nimeajiri watu watatu baada yako, na wote wamefundishwa na huu ukuta."

Waya akalia wala hakujificha. Miaka yote minne alijigamba kwamba kajifundisha mwenyewe, wakati mtu huyu alimwachia mashine zake azifungue, aziharibu na azifunge tena bila kumkaripia. Alishukuru mpaka maneno yakamwishia.

Barua ikaandikwa upya. Vikaratasi ishirini na viwili vikabanduliwa taratibu na kutolewa nakala za ushahidi. Mzee akamkabidhi nakala, akaanza kurudisha vile vyenyewe ukutani.

"Uhamiaji watatosheka na kopi," akasema. "Hivi vina kazi."

Kibali kilitoka baada ya wiki saba. Siku moja kabla ya safari, Waya alikwenda dukani na bisibisi na bawaba mpya. Alihangaika asubuhi nzima, mzee akimkosoa kila skrubu. Alipomaliza akabandika kikaratasi cha ishirini na tatu: "Mlango umepona. Usibamizwe." Mzee akakisoma, akavua miwani, akajifuta macho.

"Acha nafasi hapo chini," akasema, "ya namba yako ya huko."

Waya akaacha. Alipofika ng'ambo na kupata laini, simu ya kwanza alimpigia mzee, na mama mtu mpaka leo hajasamehe.