Siku Sketi ya Viraka vya Jinzi Iliniacha Harusini

Mkitaka kucheka, chekeni sasa mmalize, kwa sababu hata leo nikipita karibu na ile bustani ya Milimani ilipofanyika harusi nainamisha kichwa. Ni mimi yule niliyebaki na bukta ya mpira mbele ya wakwe wa dada yangu.

Nilikuwa nimekusanya jinzi kuukuu za ndugu zangu na za mume wangu, nikazikata, nikashona sketi ya viraka, bluu iliyokolea kando ya bluu iliyopauka, mifuko nimeiacha palepale, na ikizunguka (wueh!) ni kama ziwa limeshikwa na upepo. Sikuamini ni mikono yangu. Ilibaki kuunga ukanda wa kiuno tu, na hapo jinzi ni nene, sindano ya cherehani ikavunjika asubuhi ya harusi, nami badala ya kuomba nyingine kwa jirani nikasema aah, nitapiga bandi kwa mkono, nani ataangalia? Bandi, jameni, ule uzi wa kushikilia nguo kabla haijashonwa! Nikavaa bukta ya mume wangu ndani, maana jinzi inakwaruza, nikatoka nyumbani Kaptembwo nikijiona.

Tukaanza kumsindikiza bibi harusi, dada yangu mdogo Nekesa, mimi mbele nacheza, mashangazi nyuma wanapiga vigelegele, na watu wakaanza, "Zungusha, mathe! Zungusha!" Nikazungusha. Nikasikia trrr, nikadhani ni spika. Nikazungusha tena, sketi yote ikaanguka kwenye nyasi, puu, na mimi hapo na bukta ya kijani yenye nambari kubwa pajani, wakwe viti vya mbele, soda mkononi. Hata mzee wao aliyekuwa anasinzia aliamka.

Kisha shangazi yetu Mama Rose, mwenye magoti mabovu, akaanzisha wimbo upya kwa sauti ambayo sikujua anayo, na wanawake wote, bila kuambiana neno, wakanizunguka wakicheza mpaka wakawa ukuta. Mimi nimechuchumaa katikati, nalia.

Nekesa akaingia ndani ya ule mduara.

"Nisamehe," nikamwambia, "nimekuharibia siku."

Akachomoa shela yake, ile ndefu aliyoiota tangu tukiwa wasichana, akanizungushia kiunoni mara mbili, akakaza fundo.

"Inuka, dada. Nani atanipeleka kwa watu na wewe umekaa chini?"

Nikainuka. Ukuta ukafunguka, tukaendelea, bibi harusi kichwa wazi, mimi na shela, na wale wakwe, aki, walisimama wote wakapiga makofi. Nimeona mengi, lakini kama hilo bado.

Kushona sijaacha. Ila nguo yangu siku hizi haitoki nje mpaka niruke nayo jikoni, niiname, nichuchumae, na mume wangu aivute kwa mikono miwili ashindwe.