Kriketi Tuliyocheza Kando ya Chai

Wenzangu mliokulia kambi za chai huku Kericho, hebu semeni ukweli: kuna mtoto wa leo anayeweza kucheza mchezo mmoja siku tatu bila kuuliza utaisha lini? Sisi tuliweza. Miaka ile ya mwanzo wa uhuru, kaptula zetu zikiwa na madirisha mawili nyuma, tulikuwa na mashindano ya kriketi ambayo hata Wazungu wa klabu, naapa, walikuwa wakiyaonea wivu.

Aliyetuletea ugonjwa huo ni Fundi Lalji, Mhindi aliyekuwa seremala wa kiwanda. Jioni alikuwa akiketi mlangoni na redio yake yenye kelele kama kikaango cha mafuta, akitusimulia mashindano makubwa ya nchi ya wazazi wake. Yalianza zamani, alisema, Mwingereza akiwa bado anatawala huko. Kila jimbo lilikuwa na timu yake. Majimbo yalipangwa kwa kanda, jirani akacheza na jirani, halafu wababe wa kila kanda wakakutana kutafuta bingwa wa nchi nzima. Mechi moja ilichukua siku kadhaa, kila timu ikipata zamu mbili za kupiga. Siku zikiisha kabla mchezo haujaisha, aliyeongoza katika zamu ya kwanza ndiye mshindi.

Sheria hiyo ya mwisho ilikuwa kama imetungwa kwa ajili yetu. Mvua ya Kericho mnaijua. Haijawahi kuona zamu ya pili.

Basi nasi tukagawa kambi zetu kwa kanda, za mlimani na za mtoni. Fundi Lalji akatuchongea gongo la mkaratusi, zito kama mlango wa kanisa. Mpira ulikuwa kipande cha mzizi kilichozungushiwa tyubu ya baiskeli. Ukikupata kwenye goti unasahau jina lako la ubatizo. Zawadi ilikuwa kikombe cha bati alichokipaka rangi ya dhahabu. Hesabu nilikuja kuisoma ukubwani, shule ya usiku, lakini kujumlisha mbio, ndizo alama za kriketi, nilijua kuliko karani wa kupima majani.

Kiwanja chetu kilipakana na chai, na kuingia ndani ya chai kufuata mpira ilikuwa marufuku. Ukivunja tawi, nyapara alikuwa akikuvunja wewe. Kwa hiyo mpira ulirudishwa na akina mama waliokuwa wakichuma, na sisi tuliendelea kukimbia hadi urudi. Kila mtu alijua jambo moja ambalo hakulisema: macho ya mama yalipungua nguvu ghafla mwanawe alipokuwa ndiye anayekimbia. Alipekua kichaka kile, akapekua hiki, akafunga leso, na sisi tunahesabu mbio.

Kapteni wetu wa Kambi ya Juu aliitwa Kiplang'at. Kambi ya Mtoni ilikuwa chini ya Nyakundi, Mkisii mwenye mdomo wa kutosha timu nzima, na ilikuwa imetupiga fainali zote tulizowahi kufika. Mwaka ule baba yake Kiplang'at alimaliza kazi, na nyumba ya kambi ni ya mwenye kazi. Jumapili lori lingewahamishia Kimulot. Fainali ilifika siku yake ya tatu Jumamosi asubuhi. Kiplang'at hakutaka kitu kingine duniani ila kuondoka na kile kikombe.

Mawingu yalikuwa yameshatoka msitu wa Mau, meusi kama masizi. Tulikuwa bado zamu ya kwanza, tumebaki wapigaji wawili wa mwisho, yeye na mimi, mmoja akitolewa zamu imekwisha, na zilihitajika mbio tatu kuwapita. Nyakundi akatuuliza kama tumekunywa mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, mpaka usingizi umetushika. Kiplang'at akamjibu kwa gongo. Mpira uliruka, nusura uangukie Londiani, kisha ukazama kwenye chai, mstari uleule aliokuwa akichuma mama yake.

Tukakimbia ya kwanza tukicheka. Mtoni walikuwa wameshika vichwa.

Lakini mvua ilikuwa inakuja, nyapara anafoka majani yapelekwe kwenye mizani, na yule mama, bila kutazama ni nani anayekimbia, alitaka tu kuondoa ule mpira mkononi. Aliinuka na kikapu mgongoni, akaurusha kama anayefukuza ngedere kwenye mahindi. Mpira ukapita juu ya vichwa vyetu na kuvunja vijiti vya lango alilokuwa akilikimbilia Kiplang'at, akiwa bado hatua moja hajafika: kwa sheria, ametolewa.

Mama alishika mdomo.

Fundi Lalji, aliyekuwa refa, alisema hiyo si halali, mtu asiye mchezaji hawezi kumtoa mchezaji, turudie. Hata Nyakundi hakubisha. Mama naye akaita kutoka kwenye chai, "Rudi ucheze, mwanangu. Mimi sikujua."

Kiplang'at aliangalia kikombe pale kwenye stuli, akamwangalia mama yake. Akalaza gongo chini polepole.

"Mama ameshanitoa," alisema. "Nani tena wa kunirudisha?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini, naye akicheka na machozi yakimtoka. Halafu mvua ya mawe ikashuka, mawe kama viazi, na mashindano yakaisha. Mtoni walituzidi kwa mbio moja. Kesho yake lori likapita na mbuzi, vitanda na Kiplang'at juu. Sijamwona tena.

Siku hizi wajukuu wangu wanacheza kriketi kwa kidole gumba, wamelala kitandani, na wakitolewa wanalaumu chaji. Siwalaumu sana. Juzi nilipita pale kambini. Nyumba nyingi zimefungwa, na kwenye chai kulikuwa na mashine inanguruma, inakata majani ya mstari mzima kwa pumzi moja. Nilisimama pale muda mrefu. Hata ungepiga mpira ukazama mle ndani leo, ungengoja mpaka giza liingie. Hakuna mama wa kuurudisha.